Nyaya Mbili Nyekundu

Kila asubuhi, kabla hajafungua sanduku la vifaa vyake, kabla hata hajauliza gari lina ugonjwa gani, Kahindi hufungua mlango, huinama, huingiza mkono na kushika rungu la gia. Hulitikisa kushoto na kulia, kwa wepesi, kama mtu anayepima jino la mtoto kuona kama limelegea. Likicheza, huridhika. Lisipocheza, huitoa gia, hutikisa tena, ndipo hufunga mlango na kumwambia mwenye gari, "Haya, nambie."

Hufanya hivyo kwa gari lililokuja likikimbia na kwa gari lililovutwa kwa kamba. Nimewahi kumwona akilifanyia hivyo gari lililokuwa limeng'olewa injini, limekaa juu ya mawe karibu na msikiti, limekuwa nyumba ya paka. Wazee wa barazani walimcheka mpaka wakakohoa. Mmoja akamwita mwenye mkokoteni wa maji aliyekuwa akipita, akamwambia asimame, Kahindi amtikisie, pengine mkokoteni uko gia. Kahindi akaenda kweli, akashika mpini wa mkokoteni, akautikisa, akasema uko salama, apite. Hakucheka. Ndiyo mizaha yake ilivyo. Mtu huchelewa kuitambua.

Yeye ni fundi wa umeme wa magari. Stata, alteneta, taa, honi, nyaya zilizoliwa na panya. Redio hagusi, husema redio ni za watu wenye nafasi. Karakana yake ni ghala la chini la nyumba yetu hapa Kibokoni, Mji wa Kale, ambalo marehemu babu alikuwa akiweka ngozi na pembe za wanyama, na ambalo bibi yangu, Bi Mwanatumu, alimpangisha Kahindi tangu mimi niko shule ya msingi. Nyumbani kwake ni Tudor, yeye na mkewe Kadzo, lakini mchana wake wote ulikuwa wetu. Alasiri hutoka ghalani, hunawa mikono kwa sabuni ya unga, huja kukaa kwenye baraza ya mawe mbele ya mlango, na Bibi humtilia kahawa.

"Kahawa yako chungu, Bi Mwanatumu," husema kila siku. "Chungu kama maneno ya majirani."

"Basi inywe, uwajue," Bibi humjibu.

Kazi alifunzwa Mwembe Tayari, na mtu aitwaye Levi, fundi wa mabasi ya bara. Levi alikuwa mkali. Asubuhi aliwapitisha wanafunzi wake kwenye kila gari lililolala kiwanjani, watikise gia zote kabla ya mtu yeyote kugusa waya, kwa sababu fundi wa umeme anaweza kugusanisha nyaya mbili za stata bila kukusudia, na gari lililo ndani ya gia halingoji dereva. Huruka hapo hapo na kumkuta mtu aliye mbele yake. Hilo lilikuwa somo la kwanza. La pili lilikuwa kwamba waya haufichwi. Fundi mwizi huficha nyaya zake ili mteja arudi kwake tu. Fundi mwaminifu huzipitisha mahali zinapoonekana, huzifunga vizuri, kisha humwita mwenye gari na kumwonyesha: huu unatoka hapa, huu unakwenda pale, huu usiuguse.

Masomo hayo mawili Kahindi aliyashika kama mtu anavyoshika sala. Wala hakuwa mtu wa kujisifu, ila kwa jambo moja. Alipenda kusema kwamba katika miaka yake yote hakuna gari lililopita mikononi mwake lililomgusa mtu. Alilisema hilo polepole, akigonga ubao wa mlango wa ghala kwa kifundo cha kidole, kuondoa husuda. Jina lake lote lilikuwa limesimama juu ya neno hilo.

Ng'ambo ya uchochoro, mkabala na sisi, alikaa Badruddin, mwenye duka la kamba, rangi na vifaa vya ujenzi karibu na bandari ya zamani. Watu wote walimwita Badrubhai. Mbele ya nyumba yake na yetu pana uwanda mdogo, wenye mteremko kidogo, unaotosha gari moja. Gari huingia kwa pua, likaja kusimama likitazama baraza yetu, na hutoka kinyumenyume, kwa maana hapana nafasi ya kugeuza. Hapo ndipo Badrubhai aliegesha Corolla yake nyeupe.

Aliegesha kama watu wote wa Mji wa Kale wanavyoegesha. Hewa ya chumvi hapa hula kebo ya breki ya mkono. Mtu hubadilisha leo, mwakani imekatika. Kwa hiyo hakuna anayeiamini. Mtu huzima gari, hutia gia namba moja ili lijishike lenyewe, kisha hushuka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Badrubhai alikuwa na jiwe lake mahususi, la matumbawe, limekuwa laini kwa kushikwashikwa. Mkono wake wa kushoto ulitia gia ile bila yeye kujua, kama vile mtu anavyovua viatu mlangoni.

Mkewe, Batul, ambaye sisi tulimwita Mama Imtiaz, alikuwa na maradhi ya moyo. Kila Alhamisi alasiri alipelekwa kliniki. Gari limeshinda juani, viti vinachoma, na daktari alikuwa amesema joto ni adui yake mkubwa. Badrubhai akiteremka kwanza kwenda kuliwasha na kulipoza, mkewe hubaki peke yake juu, na ngazi zile ni za kusimama wima. Mara moja alijaribu kuteremka bila mtu, akaanguka. Akimteremsha kwanza, humkalisha kwenye tanuri. Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua mzee yule.

Mwaka mmoja kabla ya zile mvua kubwa zilizofurisha mtaa wetu, mwanawe Imtiaz alimletea kutoka Dubai kisanduku. Ndani yake mlikuwa na mtambo mdogo, fundo la nyaya, na rimoti mbili ndogo kama visanduku vya kiberiti. Ukibonyeza kitufe ukiwa dirishani, gari huwaka lenyewe huko chini, na kipoza hewa chake huanza kupuliza. Mtaa mzima ulikuja kukitazama. Badrubhai akakichukua mpaka ghalani kwa Kahindi, uso umemkunjuka.

Kahindi alisoma kijitabu chake taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kisha akaniita. Nilikuwa nimemaliza chuo na nangoja kupangiwa shule ya kufundisha, na nilizoea kukaa ngazini na kitabu changu. Akanionyesha mstari mmoja uliochapwa kwa herufi nzito, akaniomba nimsomee Badrubhai kwa sauti. Alikwisha kuuelewa, alitaka tu Badrubhai ausikie kwa mdomo wa mtu mwingine. Nikausoma. Ulisema mtambo huo usifungwe kwenye gari lenye gia za mkono.

"Hao waliandika hawajaiona Corolla yangu," Badrubhai akasema.

Kahindi akamwambia Corolla yake ndiyo hasa waliyoiandikia. Akakataa. Badrubhai akarudi kesho yake, na keshokutwa, mara akimbembeleza, mara akimkejeli kuwa umeme wa kisasa umempita, na Kahindi akakataa mara zote, mpaka siku ambayo Mama Imtiaz aliteremka mwenyewe, ameshika ukuta kwa mkono mmoja na bega la mumewe kwa mwingine, akaja kukaa kwenye baraza yetu. Alipumzika kwanza. Bibi akampa maji. Ndipo akamwita Kahindi.

"Kahindi," akasema, "mimi siombi gari ijiwashe. Mimi naomba nisife ndani yake."

Kahindi alisimama na kitambaa chake cha mafuta mkononi, akikifuta kidole kimoja ambacho kilikuwa safi tayari. Kisha akamwambia Badrubhai alete funguo.

Kazi ile aliifanya kwa uangalifu ambao sijamwona mtu akiutumia kwa jambo lolote. Kwanza alibadilisha kebo ya breki ya mkono, akatia mpya, akaipaka grisi. Kisha akalala chali chini ya dashibodi siku nzima, miguu ikitokea mlangoni, wazee wakimwuliza kama wamletee mto. Ilipofika jioni akamwita Badrubhai aingie garini, na akamweleza, nami nikiwa ngazini nikasikia yote.

"Gari hii haiwaki mpaka mguu ukanyage klachi," akasema. "Ili rimoti iwashe, imebidi niidanganye kwamba mguu uko pale. Sasa nikishaidanganya hapo, Badrubhai, lazima pawe na mahali pengine inapoambiwa kweli."

"Wewe fundi ama khatibu?" Badrubhai akamwuliza.

"Tazama hapa." Kando ya gia alikuwa ametia swichi ndogo. Gia ikiwa huru, swichi inabonyezwa na rimoti inawasha. Gia ikiwa imeshika, namba yoyote ile, rimoti ikibonyezwa gari linabaki kimya. Kutoka kwenye swichi hiyo zilitoka nyaya mbili nyekundu, zikapita chini ya dashibodi mahali pa wazi, zimefungwa pamoja kwa utepe mweusi kila baada ya shubiri, zikaingia mtamboni. Akazishika kwa vidole viwili. "Hizi mbili ndizo zinazosema kweli. Moja ikikatika, rimoti haifanyi kazi kabisa, na huo ni usalama. Lakini zikikatwa na ncha zake zikaunganishwa, gari itaamini siku zote kwamba gia iko huru, hata ikiwa haiko. Na unaona mwenyewe inatazama wapi." Akaelekeza kidevu kwenye baraza, alikokaa Bibi akichambua mchele. "Kwa hiyo hizi usiziguse. Wala usimwachie fundi mwingine aziguse. Ukiegesha, toa gia, vuta breki ya mkono. Breki sasa ni nzima."

Badrubhai akaitikia. Akamwuliza maswali mawili matatu, akainama mwenyewe kuzitazama nyaya zile, akazigusa, akasema kazi safi.

Alhamisi ya kwanza Mama Imtiaz aliteremka akaingia kwenye gari baridi. Alipunga mkono dirishani kama bibi harusi. Kahindi aliona haya, akaingia ghalani.

Lakini mkono wa Badrubhai haukuwa umesikia maelezo yale. Aliporudi kutoka dukani, akiwa na mawazo mengine, ulitia gia namba moja kama ulivyozoea. Na hata alipokumbuka, breki ya mkono hakuiamini, mpya au kuukuu. Alikuwa ameishi na kebo zilizokatika maisha yake yote. Basi Alhamisi nyingine akibonyeza kitufe dirishani, gari kimya. Anabonyeza tena, kimya. Barazani wakaanza kumtania Kahindi kwamba rimoti yake yataka kusomewa kwanza. Kahindi akamwambia Badrubhai kwa upole kwamba rimoti ni nzima, gia ndiyo iliyosahauliwa. Badrubhai akasema atakumbuka. Hukumbuka wiki moja, husahau mbili.

Siku moja ya jua kali, mwezi wa pili, gari lilikataa. Badrubhai akaharakisha kuteremka kwenda kutoa gia, akimwacha mkewe juu ya ngazi. Mama Imtiaz hakungoja. Alimfuata, akaishiwa nguvu kwenye kizingiti, akakaa chini pale pale juani, midomo imebadilika rangi. Tulimwingiza kwetu, tukampepea. Alipozinduka alimwomba radhi Bibi kwa usumbufu. Badrubhai alikuwa amesimama mlangoni na rimoti mkononi, na uso wake sikuweza kuutazama.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Kahindi akiwa hayupo, nilimwona Badrubhai amekaa garini, mlango wazi, ameinama chini ya dashibodi na koleo. Nilidhani ameangusha kitu.

Tangu siku hiyo rimoti haikukataa tena. Wazee wakasema Kahindi amewasikia, ameirekebisha. Kahindi akadhani Badrubhai hatimaye amejifunza. Nilimsikia akimwambia Bibi, kwa furaha aliyojaribu kuificha, kwamba mtu mzima naye hufunzika. Na kwa wiki kadhaa Badrubhai kweli alikumbuka kutoa gia. Hofu ilikuwa bado mpya moyoni mwake.

Ilikuwa Alhamisi, karibu na adhana ya alasiri. Bibi alikuwa amekaa barazani, miguu ameiteremsha chini, sinia ya mchele mapajani. Mimi nilikuwa ngazini ndani ya mlango. Nilisikia dirisha la juu la Badrubhai likifunguliwa. Kisha gari liliguna, likaruka mbele mara moja, kama mbuzi aliyechomwa na kitu, na likazimika. Sinia ilianguka. Mchele ulimwagika ukasambaa mpaka miguuni pangu.

Bibi hakupiga kelele. Alisema, "Mguu wangu, jamani," kwa sauti ya mtu anayeulizia kitu alichokisahau mahali.

Bampa ilikuwa imeubana mguu wake wa kulia kwenye jiwe la baraza. Wanaume waliokuwa karibu wakarukia gari kulisukuma nyuma, wakasukuma kwa mabega, lisitikisike. Gia ilikuwa imelishika. Kahindi akatoka ghalani mbio. Hakulisukuma. Alifungua mlango, akainama, akaingiza mkono, akashika gia, na akaitikisa kushoto na kulia kama afanyavyo kila siku. Haikucheza. Akaitoa. Gari likarudi nyuma lenyewe kwa mteremko mpaka likagusa jiwe lake, likatulia.

Mkono wa Kahindi ulibaki juu ya gia kwa muda. Aliinua macho akatazama dirisha la juu. Badrubhai alikuwa bado amesimama pale, rimoti mkononi, mdomo wazi.

Mifupa ya mguu wa Bibi ilivunjika vibaya. Hospitalini waliiunga, na iliunga, lakini tangu siku ile hakuweza tena kusimama sawa katika sala, husali kitini. Naye alikuwa mtu ambaye hata akiwa na homa husimama.

Siku iliyofuata wazee wa mtaa walikuja kulitazama gari, na Kahindi akaambiwa afungue waone kilichotokea. Akafungua chini ya dashibodi. Nilikuwa nyuma yake. Nyaya mbili nyekundu zilikuwa zimekatwa karibu na swichi, na ncha zake zimesokotwa pamoja, zikazungushiwa utepe wa kijani. Kahindi hutumia utepe mweusi tu. Wa kijani huuzwa dukani kwa Badrubhai.

Badrubhai mwenyewe alikuwa hapo, ameegemea ukuta wake. Juu, nyuma ya pazia, Mama Imtiaz alikuwa akisikiliza. Kivuli chake kilionekana.

"Umeona nini?" mzee mmoja akamwuliza Kahindi.

"Nimeona nyaya," Kahindi akasema.

"Nyaya nani alizifunga?"

"Mtambo niliufunga mimi." Akarudisha kifuniko mahali pake. "Kazi ni yangu."

Hapo tena watu wakasema waliyoyasema. Kwamba alionywa na kijitabu chenyewe, na mjukuu wa Bi Mwanatumu alikisoma mbele ya watu. Kwamba hodari wa kutikisa gia za wenzake, yake ikamshinda. Wengi wakaanza kupeleka magari yao Mwembe Tayari. Jina lake likawa Kahindi wa Rimoti. Lile neno lake la kwamba hakuna gari lililomgusa mtu hakulisema tena, wala hakugonga tena ubao wa mlango.

Nilimwambia Bibi nilichokiona ile Ijumaa. Alikuwa kitandani, mguu juu ya mito.

"Na Kahindi yuwajua?" akaniuliza.

Nikamwambia anajua, ameuona utepe.

"Basi hiyo ni amana yake, mwanangu. Ameifunga mwenyewe. Weye usimfungulie."

Kadzo, mkewe Kahindi, alikuja kutoka Tudor kumjulia hali Bibi, na hakuweza kujizuia. Alisema mume wake halali, anakaa mezani na chakula kinapoa, na akimwuliza hajibu. Alikuwa anamjua mume wake, akajua pana jambo. "Mama, huyu amemeza ufunguo," akasema. "Nimempiga mgongo, hautoki." Bibi akacheka kidogo, kisha wote wawili wakalia.

Badrubhai alikuja kila siku na matunda, akakaa pembeni ya kitanda akitazama sakafu. Ghalani hakupita. Ila siku moja alimpelekea Kahindi funguo za gari, akasema neno moja tu: "Toa." Kahindi akatikisa gia, akaingia, akatoa mtambo wote, akaurudisha kwenye kisanduku chake pamoja na rimoti mbili, akaunganisha waya wa klachi kama ulivyokuwa kiwandani. Nyaya mbili nyekundu alizitoa mwisho. Alipokwisha hakurudisha funguo. Alizitundika kwenye msumari ukutani mwa ghala, na Badrubhai hakuziulizia; alikuwa na za akiba.

Alhamisi ya wiki hiyo nikaelewa kwa nini. Kabla ya alasiri Kahindi alinawa mikono, akachukua funguo, akaenda kwenye gari. Akatikisa gia. Akavuta breki ya mkono. Akakaa, akakanyaga klachi, akaliwasha, akafungulia kipoza hewa mpaka mwisho, akatoka na kufunga mlango. Kisha akaenda kukaa kwenye baraza yetu, mahali pale pale Bibi alipokuwa akikaa, miguu ameiteremsha chini, gari likinguruma mbele yake. Akakaa hapo mpaka Mama Imtiaz alipoteremshwa na kuingia. Hakuzungumza na Badrubhai, wala Badrubhai hakuzungumza naye. Mama Imtiaz ndiye aliyesimama, kila Alhamisi, akamwekea mkono kichwani.

Alifanya hivyo wiki baada ya wiki, mwaka ule wote, hata siku ambazo hakuwa na mteja mmoja. Wapita njia wasiomjua walidhani ni dereva wa nyumba ile.

Mama Imtiaz alifariki wakati wa zile mvua, maji yakipita kwenye vichochoro vyetu kama mto. Hakufia garini. Alifia kitandani mwake, alfajiri, mumewe akiwa kando. Baada ya arubaini Badrubhai aliuza gari, akafunga duka, akaenda kwa Imtiaz Dubai. Siku ya kuondoka alikuja kumuaga Bibi, akambusu mkono na kuupaka machozi, akataka kusema kitu, na Bibi akamwambia safari njema. Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Alisimama mbele yake kidogo, akapita.

Mimi nami nilipata barua ya kwenda kufundisha Tudor. Alasiri moja kabla sijaanza kazi nilikaa na Kahindi barazani. Bibi alikuwa ndani, kitini, akimalizia sala yake. Kahawa nilikuwa nimeipika mimi, na hakuisema kuwa chungu. Uwanda ulikuwa mtupu. Jiwe la Badrubhai bado lilikuwa pale lilipoachwa, hakuna aliyeliondoa. Vijana wawili walipita wakasalimia, na mmoja akamwambia mwenzake, kwa sauti isiyotosha kufichika, kuwa huyo ndiye aliyemvunja Bi Mwanatumu mguu.

Mimi si mwepesi wa kuuliza watu mambo. Swali lile nilikuwa nimekaa nalo zaidi ya mwaka, nikilipanga na kulipangua.

"Kaka Kahindi," nikasema, "Mama Imtiaz ametangulia, Badrubhai ameondoka. Kwa nini mpaka leo huwaambii kwamba si wewe uliyeziunganisha zile nyaya?"

Aliinamisha kikombe, akatazama masimbi ya kahawa yaliyobaki chini.

"Kwa sababu ni mimi niliyemwonyesha," akasema.